Protini, nyuzinyuzi na wanga baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kwa waliokwisha kupasuliwa na kwa wanaojiandaa. Majibu yanahusu hasa aina mbili za upasuaji. Ya kwanza ni sliivu, ambapo sehemu kubwa ya tumbo la chakula, karibu asilimia 80, huondolewa na kubaki mrija mwembamba. Ya pili ni baipasi, ambapo hutengenezwa kifuko kidogo cha mililita 30 hivi na kuunganishwa na utumbo mdogo, chakula kikaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Ikiwa timu iliyokupasua imekupa maelekezo tofauti na ya hapa, fuata ya kwao, kwa kuwa wao ndio wanaojua hali yako ya ndani.

## Mambo ya msingi

Nakula vijiko vichache tu. Kwa nini nihangaike na uwiano?

Kwa sababu hiyohiyo ya kwamba ni vijiko vichache. Anayekula sahani iliyojaa mara tatu kwa siku akikosea mlo mmoja, unaofuata hufidia. Wewe kwa sasa huna nafasi hiyo: kila kijiko cha wali kinachoingia kwanza ni kijiko cha samaki kilichokosa mahali.

Kuna sababu ya pili. Uzito ukishuka kwa kasi, mwili hauchomi mafuta peke yake, hula na misuli. Kinachopunguza hasara hiyo ni protini ya kutosha kila siku pamoja na mazoezi yanayoitumikisha misuli. Mafuta mwili unaweza kuyaweka akiba kwa miezi, lakini protini hauna ghala lake. Ukikosa leo, huchukuliwa kwenye nyama yako mwenyewe.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema ni kwamba uwiano huu hubadilika. Wiki za kwanza ni maji na protini, basi. Kadiri miezi inavyosonga, mboga na matunda hupata nafasi, kisha nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde. Anayeng'ang'ania mlo wa mwezi wa pili hadi mwaka wa pili huishia na choo kigumu, uchovu na hamu isiyotulia ya vitu vitamu, halafu anajilaumu kwamba hana nidhamu. Nidhamu anayo. Shida ni kwamba anafuata maelekezo yaliyokwisha muda wake.

Nahitaji protini kiasi gani kwa siku?

Kiwango cha chini kinachotumika ni gramu 60, na wengi huelekezwa wawe kati ya 60 na 80. Baadhi ya watu huhitaji hadi gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito unaoendana na urefu wao, wala si uzito walio nao sasa. Aina za upasuaji zinazoruka sehemu kubwa zaidi ya utumbo hudai protini nyingi kuliko hiyo, kwa sababu sehemu yake hupita bila kufyonzwa.

Kwa vyakula halisi, gramu 60 ni kama hivi: mayai mawili (12), glasi ya mililita 250 ya maziwa (8), gramu 80 za samaki aliyepikwa (karibu 18), gramu 60 za kidari cha kuku (karibu 18) na nusu kikombe cha maharagwe yaliyoiva (7). Jumla ni 63. Katika wiki za mwanzo huwezi kula vyote hivyo kwa siku moja, na hutarajiwi uweze. Tazama swali la protini kutotimia, hapa chini.

Na wanga je?

Miezi ya mwanzo watu wengi hujikuta kwenye gramu 50 hivi kwa siku hata bila kupanga, kwa kuwa protini imeshachukua nafasi. Chakula kinapoongezeka, wanga nao hupanda polepole kuelekea gramu 130, kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima yeyote kwa kukadiria glukosi ambayo ubongo hutumia kwa siku.

Nyuzinyuzi ni gramu ngapi?

Lengo la watu wazima kwa jumla ni gramu 25 kwa wanawake na 38 kwa wanaume. Baada ya upasuaji hufikii huko upesi, na si kosa lako. Rudi kwenye mfano wa protini hapo juu: katika chakula chote kile, nyuzinyuzi zinatoka kwenye maharagwe peke yake, karibu gramu 6. Nyama, samaki, mayai na maziwa hayana nyuzinyuzi hata kidogo. Ongeza gramu 40 za shayiri (oti), tofaa moja na nusu kikombe cha mboga za majani zilizopikwa, utafika 16 hivi. Kwa mtu wa miezi sita au zaidi, huo ni mwanzo mzuri sana.

Nianze na kipi kwenye sahani?

Protini kwanza, mboga zifuate, wanga mwisho. Ukishiba kabla hujafika kwenye wanga, acha hapo. Mpangilio huu unasaidia kwa njia mbili: unahakikisha kilicho muhimu zaidi kimeingia, na wanga ukija baada ya protini na nyuzinyuzi, sukari hupanda kwenye damu taratibu zaidi.

Tafuna hadi chakula kiwe laini kabisa, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30.

## Wiki na miezi ya kwanza

Ni lini naruhusiwa kuanza nyuzinyuzi?

Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, ila kwa kawaida huanza na vinywaji vyepesi siku moja au mbili, kisha vimiminika vizito vyenye protini kwa wiki mbili hivi, halafu vyakula vilivyopondwa au kusagwa, halafu vyakula laini, na vya kawaida kuanzia wiki ya sita hadi ya nane.

Nyuzinyuzi huingia kwa kufuata ratiba hiyo. Katika hatua ya vilivyopondwa unaweza kuonja dengu zilizosagwa au karoti iliyopondwa. Katika hatua ya vyakula laini, mboga zilizoiva sana na tunda lililomenywa. Mboga mbichi, maganda, mbegu, na nyama za machungwa pamoja na utando wake mweupe vingoje hadi mwisho. Tumbo lenye mishono mibichi halina nguvu ya kusaga vitu hivyo, na mdomo hauwezi kufanya kazi yote.

Protini haitimii. Nyama inanikwama kifuani.

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wengi, na mara nyingi tatizo ni aina ya nyama na jinsi ilivyopikwa. Nyama kavu, ya kuchoma au iliyopashwa moto mara ya pili hukwama. Samaki, mayai laini, kuku aliyechemshwa akabaki na mchuzi wake, nyama ya kusaga iliyo na unyevu, mtindi na jibini laini hupita vizuri zaidi. Kata vipande vidogo kama kucha ya kidole cha mwisho.

Gawanya protini siku nzima. Milo midogo mitano yenye gramu 12 kila mmoja inawezekana, ilhali milo miwili yenye gramu 30 kila mmoja, kwa tumbo la mwezi wa pili, haiwezekani. Na usikubali kuambiwa kwamba kutapika kila siku ni kawaida. Tazama swali la mwisho kabisa.

Unga wa protini ni lazima?

Katika wiki za vimiminika, karibu kila mtu anauhitaji, kwa sababu hakuna njia nyingine rahisi ya kukaribia gramu 60. Chagua wenye sukari kidogo. Unga wa protini inayotokana na maziwa au soya una viini vyote muhimu vya protini. Ule wa kolajeni, hata ukiandikwa gramu nyingi, una upungufu: hauna triptofani, mojawapo ya viini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Usiutegemee peke yake.

Ukishaweza kutimiza kiwango kwa chakula, punguza unga. Chakula cha kutafuna hushibisha kwa muda mrefu zaidi kuliko cha kunywa, na jambo hilo litakufaa sana mwaka wa pili.

Maji ninywe saa ngapi, kama siruhusiwi kunywa wakati wa kula?

Kunywa hadi muda mfupi kabla ya mlo, acha unapokula, kisha subiri dakika 30 baada ya kumaliza. Lengo ni lita 1.5 au zaidi kwa siku, kwa mafunda madogo madogo. Wengi hubeba chupa kutwa nzima, nami naona hakuna njia bora zaidi, kwani kiu haiji tena kwa nguvu kama zamani.

Maji ni sehemu ya hesabu ya nyuzinyuzi. Mtu anayekunywa mililita 700 kwa siku asiongeze nyuzinyuzi kwanza. Aongeze maji.

## Choo, gesi na kukwama

Sijapata choo kwa siku nne. Nile nyuzinyuzi zaidi?

Si mara moja. Kwanza, choo kupungua ni jambo la kutarajiwa, kwa sababu kinachoingia ni kidogo. Choo laini kila baada ya siku mbili au tatu, bila maumivu, si ugonjwa. Choo kigumu kama kokoto, cha kujikamua, ndicho cha kushughulikia.

Anza na maji. Kisha angalia vidonge: madini chuma na dawa kali za maumivu hukausha choo. Kisha tembea, kwa kuwa utumbo huamka mwili unapotembea. Baada ya hapo ndipo uongeze nyuzinyuzi, gramu 3 hadi 5 kwa wiki, ukianza na zile laini zinazoyeyuka kwenye maji: shayiri, dengu, tofaa lililopikwa, karoti. Pumba za ngano na maganda magumu yaje baadaye. Kumwaga nyuzinyuzi kavu juu ya choo kilichokwisha kuganda kunaongeza mzigo tu.

Wiki mbili za mwanzo usijiandikie dawa ya kulainisha choo. Piga simu kwa timu yako wakupangie. Ukiwa na maumivu makali, tumbo limejaa na hata upepo hautoki, hiyo ni dharura.

Nyuzinyuzi za unga au za vidonge zinafaa?

Zinafaa kwa wengine, baada ya kuvuka hatua ya vyakula laini na kwa ridhaa ya daktari. Ila kuna aina mbili ambazo watu huzichanganya. Ispaghula huvimba na kuwa kama ute mzito, na inahitaji glasi nzima ya maji papo hapo, kiasi ambacho tumbo dogo haliwezi kupokea kwa mara moja. Ikikosa maji inaweza kuziba. Aina nyingine huyeyuka kabisa bila kuganda, kwa mfano dekstrini ya ngano, na kwa tumbo lililopunguzwa naiona ni salama zaidi kuanza nayo.

Aina yoyote utakayochagua, itenganishe na dawa zako kwa saa mbili hivi, kwa sababu nyuzinyuzi zinaweza kuzuia dawa kufyonzwa.

Nikila maharagwe najaa gesi. Niyaache?

Punguza kiasi, usiyaache. Bakteria wa utumbo mpana huchachusha sukari fulani za maharagwe, na huzoea ukiwapa kidogo kidogo. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, pika hadi yaive sana, anza na vijiko viwili vya chakula. Dengu zilizokobolewa maganda huwa na gesi kidogo kuliko maharagwe mazima. Ikiwa unaharisha kila ukinywa maziwa, huenda shida ni laktosi (sukari ya maziwa) wala si nyuzinyuzi. Jaribu mtindi au maziwa yasiyo na laktosi.

Ni kweli nyuzinyuzi zinaweza kuziba tumbo?

Ni kweli, ingawa si jambo la kila siku. Nyuzi ndefu ambazo hazikutafunwa, kama za machungwa yenye utando au mabua ya mboga, zinaweza kujikusanya na kuwa donge gumu tumboni, kwa kuwa tumbo lililofanyiwa upasuaji lina asidi kidogo na halisukumi kama zamani. Dalili ni kushiba upesi kusiko kwa kawaida, kichefuchefu, kutapika chakula cha jana. Kinga ni kutafuna, kumenya, na kupika mboga zenye nyuzi ndefu. Walio na meno machache au yanayouma waanze na daktari wa meno.

## Wanga na sukari

Si bora niache wanga kabisa?

Sishauri hivyo. Ukiondoa wanga wote umeondoa maharagwe, dengu, matunda na shayiri, yaani karibu nyuzinyuzi zote zenye manufaa. Cha kuondoa ni sukari ya kuongezwa, vinywaji vitamu, na wanga uliokobolewa unaojaza sahani bila kuleta kingine. Gramu 100 za wali mweupe zina wanga gramu 28 na nyuzinyuzi chini ya gramu moja. Dengu zilizoiva, kwa uzito huohuo, zina wanga gramu 20, nyuzinyuzi 8 na protini 9. Wote ni wanga, lakini nafasi waliyoichukua tumboni haikulipwa sawa.

Mkate na wali vinanikwama. Kwa nini?

Mkate laini hufinyangika na kuwa bonge likichanganyika na mate, na wali huvimba. Mkate uliokaushwa kwa moto, ukatafunwa sana, wengi huuvumilia. Kama bado unakataa baada ya miezi kadhaa, viazi vilivyopondwa au shayiri vitakutosha. Hakuna kirutubisho kilichomo kwenye mkate pekee.

Baada ya kula kitu kitamu moyo unaenda mbio, natoka jasho na kuharisha. Ni nini?

Hiyo ni dampingi ya mapema, yaani chakula kumwagika upesi mno kutoka tumboni kuingia utumboni. Hutokea zaidi kwa waliofanyiwa baipasi, lakini wa sliivu nao huipata. Sukari nyingi ikiingia kwenye utumbo mdogo kwa mkupuo, huvuta maji kutoka kwenye damu kuingia utumboni, na homoni za utumbo huachiwa kwa wingi. Huanza ndani ya dakika 10 hadi 30, mara chache hadi saa moja.

Lala au kaa umeegemea hadi ipite. Ili isirudi: acha sukari ya kuongezwa, usinywe wakati wa kula, kula kidogo kidogo, na kila wanga uambatane na protini na nyuzinyuzi laini. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka hutengeneza ute unaochelewesha sukari kufyonzwa, ndiyo maana tofaa zima huvumilika pale ambapo juisi yake inakuangusha.

Kwangu huja saa mbili baada ya kula: natetemeka, nina njaa kali, macho yanaona giza.

Hiyo ni nyingine. Dampingi ya kuchelewa huja kati ya saa moja na tatu baada ya mlo: sukari hupanda ghafla, insulini hutoka kupita kiasi, na sukari ikashuka mno. Mara nyingi huanza zaidi ya mwaka mmoja baada ya upasuaji, kwa hiyo watu hawaihusishi nao kabisa.

Ikikupata, kula au kunywa gramu 15 za sukari ya haraka, kwa mfano nusu glasi ya juisi, na ukipata nafuu kula kitu chenye protini ili isishuke tena. Usiishie hapo, kwa sababu sukari ile inaweza kuanzisha mzunguko mpya. Andika ulichokula na saa, pima sukari kama una kipimo, mpelekee daktari. Ukizimia au kuchanganyikiwa, usiendeshe chombo chochote hadi upimwe.

## Hali za pekee

Nywele zinanyonyoka. Niongeze protini?

Kama hufikishi gramu 60, ndiyo. Lakini kunyonyoka kunakoanza karibu mwezi wa tatu mara nyingi husababishwa na mshtuko wa upasuaji na uzito kushuka kwa kasi, na hupoa kwenyewe ndani ya miezi kadhaa. Kukiendelea kupita mwaka, pima madini chuma, zinki na protini ya damu.

Sili nyama. Nitatimizaje?

Inawezekana, ila kwa mpango. Kama unakula mayai na maziwa, kazi ni nyepesi. Kama unakula mimea tupu, soya na vyakula vyake viwe nguzo, kwa sababu ukitegemea maharagwe peke yake utashiba kabla ya protini kutimia. Unga wa protini utakaa nawe muda mrefu zaidi, na vitamini B12 haina mbadala.

Nyuzinyuzi zinazuia vidonge vyangu vya madini?

Pumba na jamii ya kunde zina fitati, inayoshika madini chuma, zinki na kalsiamu. Kwa hiyo usimeze madini chuma pamoja na uji wa pumba, wala na chai. Madini chuma na kalsiamu navyo vitengane kwa saa mbili. Kalsiamu, ambayo jumla yake ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, igawanywe isizidi 600 kwa mara moja. Vidonge hivi ni vya maisha yote.

Nina ugonjwa wa figo, au nimewahi kupata mawe ya figo.

Mwenye ugonjwa wa figo asitumie viwango vya ukurasa huu. Kiwango chake cha protini kipangwe na daktari wa figo.

Kuhusu mawe: baada ya baipasi, okzaleti (kemikali ya kwenye mimea inayoweza kuunda mawe) nyingi zaidi hufyonzwa kutoka utumboni, na huishia kwenye mkojo. Spinachi ina okzaleti nyingi, kwa hiyo ibadilishe na mboga nyingine mara kwa mara. Kunywa maji ya kutosha, na meza kalsiamu pamoja na chakula ili iishike okzaleti humohumo utumboni.

Natumia dawa za kisukari.

Wanga ukipungua na dozi ikibaki ileile, insulini na dawa za kundi la salfonilurea zinaweza kushusha sukari kwa hatari. Dozi ipitiwe upya kabla hujaruhusiwa kutoka hospitali, na tena kila uzito unaposhuka.

Mwaka wa pili uzito umeanza kurudi. Nirudie vimiminika?

Hapana. Kwanza chunguza vyakula vinavyoteleza: biskuti, aiskrimu, bisi, juisi, vitu vya kudokoa kutwa. Hupita tumboni bila kushibisha, hata kwa tumbo dogo. Rudisha milo yenye saa, protini ya kutafuna, na nyuzinyuzi ambazo sasa tumbo lako linazimudu. Kuongezeka kidogo kutoka kwenye uzito wa chini kabisa uliowahi kufika hutokea kwa wengi. Kuongezeka mfululizo ni sababu ya kurudi kliniki, bila aibu yoyote.

Nataka kushika mimba.

Ushauri wa kawaida ni kusubiri miezi 12 hadi 18. Ukishapata mimba, protini isipungue gramu 60, na vitamini A iwe ya beta-karotini (ya asili ya mimea) badala ya retinoli (ya asili ya wanyama). Mwambie pia mkunga kuhusu upasuaji kabla ya kipimo cha sukari cha kunywa glukosi, kwani kinaweza kukuletea dampingi. Zipo njia nyingine, kama kupima sukari nyumbani kwa siku kadhaa.

Dalili zipi hazingoji miadi?

Maumivu makali ya tumbo, homa, mapigo ya moyo ya kasi yasiyotulia, kinyesi cheusi au chenye damu, kushindwa kunywa maji kwa siku nzima.

Na kutapika kunakoendelea kwa siku kadhaa. Akiba ya thiamini, yaani vitamini B1, huisha ndani ya wiki chache, na upungufu wake huharibu ubongo: macho kucheza, kuyumba, kuchanganyikiwa. Ukifika hospitali yoyote, hata isiyo iliyokupasua, sema mapema kwamba umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na umekuwa ukitapika, ili upewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia, inaweza kumaliza thiamini kidogo iliyobaki. Mfundishe sentensi hiyo na mtu unayeishi naye, kwa sababu siku hiyo huenda usiweze kuisema mwenyewe.